Programa ya maikrokontrola ni nini, na kwa nini kebo yako ya USB siyo

Mara kwa mara kijana anatangaza kwamba amejitengenezea programa ya maikrokontrola (chipu yenye kompyuta ndogo nzima ndani yake), halafu ukitazama picha unaona kijibodi cha CH340, yaani chipu inayogeuza USB kuwa siriali (data inayopita biti moja baada ya nyingine), waya chache na bodi ya Arduino Pro Mini. Taa inawaka na kuzima, kazi ni safi, hongera. Ila hicho alichounda si programa, na siku hizi hata wanaofundisha wanakiita hivyo bila kusita.

Programa ni kifaa kinachoandika programu kwenye kumbukumbu ya fleshi ya chipu bila kutegemea programu yoyote iliyomo tayari ndani ya chipu hiyo. Fasili imeisha. Watu wanaruka maneno ya mwisho, na hapo ndipo fujo inapoanzia.

Chukua ATmega328P, ile chipu ya miguu 28 unayoiona kwenye Arduino Uno. Ikitoka kiwandani haijaandikwa kitu: ina kilobaiti 32 za fleshi, na kila baiti inasomeka FF, yaani biti zote ni 1. Hata hivyo si bubu. Mtengenezaji ameweka kwenye silikoni yenyewe saketi inayosikiliza miguu minne: RESET, ambao ni mguu wa 1, MOSI wa 17, MISO wa 18 na SCK wa 19. Programa inashusha RESET hadi sifuri, prosesa inasimama, kisha inapeleka baiti nne: AC, 53, 00, 00. Waya zikiwa sawa, wakati baiti ya tatu inaingia, chipu inarudisha ile 53. Wameshasikilizana. Ndipo inaulizwa saini yake, nayo inajibu 1E 95 0F. Ukiuliza ATtiny85 utapata 1E 93 0B. Baada ya hapo ni kufuta, kuandika kurasa za baiti 128, na kusoma tena yote kuhakikisha. Ukiona saini ya 00 00 00 au FF FF FF, na avrdude (programu ya kompyuta inayoiongoza programa) inakupigia kelele ya "Yikes!", usilaumu chipu kwanza. Kagua waya.

Sasa tazama kebo ya USB kwenda siriali. Haigusi MOSI wala SCK. Inapitisha herufi kwenye miguu ya siriali, RX na TX, na ATmega tupu haina habari na RX mpaka iwepo programu ya kuwasha siriali. Anayezipokea herufi hizo ni butiloda, programu ndogo iliyokaa mwishoni mwa fleshi (Optiboot ya Uno inachukua baiti 512 tu), nayo ndiyo inayoiandika programu yako. Yaani chipu inajiandikia yenyewe, kebo ni tarishi. Butiloda ni mwenyeji aliyeko ndani: ukipiga hodi, anafungua. Nyumba ikiwa haina mtu, utapiga hodi hadi koo likauke. Na huyo mwenyeji aliingizwa humo na nani? Na programa, kabla bodi haijafika mkononi mwako.

Siwalaumu sana wanaochanganya, maana zana zenyewe zimewachanganya. Avrdude, programu ambayo karibu kila mtu anaitumia kuandikia chipu za AVR (familia ya ATmega na ATtiny) hata kama hajui, ina chaguo la -c ambalo linakutaka utaje programa. Kwenye orodha yake kuna usbasp, kuna stk500v1, na kuna "arduino". Hiyo ya mwisho si programa, maana yake ni zungumza na butiloda. Imewekwa kwenye foleni moja na wenzake na jina la foleni ni programa, basi mwanafunzi afikiri nini? Arduino IDE, programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia kodi za Arduino, nayo ina menyu ya Programmer ambayo kitufe cha kawaida cha Upload hakiijali kabisa. Nimeona watu wakibadilisha menyu hiyo jioni nzima wakitafuta dawa ya Uno inayokataa kupokea programu. Menyu hiyo inafanya kazi kwenye Burn Bootloader na Upload Using Programmer tu.

Hapo mwenye ESP32, maikrokontrola ya kampuni ya Espressif, atanibishia: mbona mimi naandika chipu tupu kwa kebo hiyohiyo? Ni kweli, kwa sababu Espressif waliweka butiloda kwenye ROM, haifutiki. Chipu ya RP2040 ya Raspberry Pi ni hivyohivyo, ukishika kitufe cha BOOTSEL unapoiunganisha inajitokeza kwenye kompyuta kama flashi diski ya kawaida. Mwenyeji amezaliwa humo. Bado kebo haijawa programa.

Ukitaka kujitengenezea programa ya kweli, ya rahisi kuliko zote inahitaji Uno moja na bredibodi (ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu). Unaingiza kwenye Uno mfano unaoitwa ArduinoISP, ambao unakuja na IDE. (Ndiyo, unaiingiza kwa butiloda, na hakuna ubaya, maana Uno inageuzwa chombo.) Kisha pini ya 10 ya Uno inakwenda mguu wa 1 wa ATmega328P ngeni, ya 11 kwenye wa 17, ya 12 kwenye wa 18, ya 13 kwenye wa 19. Volti 5 inakwenda miguu ya 7 na 20, GND inakwenda wa 8 na wa 22. Mwisho weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND za Uno, upande chanya kwenye RESET. Usiiweke kabla ya kuingiza ArduinoISP. Kazi yake ni kuzuia Uno isijizime na kuwaka upya kila kompyuta inapofungua mlango wa siriali, maana ikifanya hivyo butiloda yake itadaka mazungumzo kabla ArduinoISP haijaamka. Wengi wanaoshindwa wanashindwa hapa.

Zamani ilikuwa rahisi zaidi. Kompyuta zilipokuwa na tundu la printa lenye pini 25, waya chache na rezista zilitosha, kompyuta ikacheza pini zenyewe moja baada ya nyingine. Kompyuta mpakato zilipolitupa tundu hilo mradi ukafa, na adapta ya USB kwenda printa haikuufufua, kwa sababu haikupi pini za kuchezea. Ndipo USBasp ya Thomas Fischl ikapata umaarufu: ATmega8, kristali ya megahezi 12 na vikorokoro vichache. Unaweza kuilehemu mwenyewe, lakini ile ATmega8 lazima iandikwe kwanza, na inaandikwa kwa programa. Uno yako ya bredibodi itaifanya kazi hiyo vizuri.

Jambo moja la kasi, kwa sababu linafanya watu waamini programa yao ni mbovu. ATmega328P mpya inaendeshwa kwa megahezi 1, yaani saa yake ya ndani ya megahezi 8 ikigawanywa kwa 8. Kasi ya mapigo ya SCK lazima iwe chini ya robo ya hapo. ArduinoISP imewekwa moja ya sita ya megahezi 1, kwa hiyo inapita. Ukitumia programa nyingine, punguza kasi yake kwa chaguo la -B la avrdude. Fyuzi, yaani mipangilio inayokaa ndani ya chipu hata umeme ukikatika, ndizo zinazoamua saa hiyo, na licha ya jina haziungui, unaweza kuziandika tena na tena. Ukiiambia chipu itumie kristali ya nje nawe hujaiwekea, itanyamaza. Iwekee kristali ya megahezi 16 na kapasita mbili za pikofaradi 22 na itaamka. Fyuzi ya kuogopa ni RSTDISBL, ambayo kwenye ATtiny85 inatamanisha kwa sababu inakuongezea mguu mmoja. Ukishaiwasha, mlango wa RESET umefungwa, na kuufungua kunahitaji programa ya volti 12, si hii ya Uno.

Na ukishaandika kwa programa, usishangae kebo ikigoma kesho. Programa inafuta fleshi yote kabla ya kuandika, butiloda ikiwemo, na zile baiti 512 zake zinabaki nafasi ya programu yako. Chipu ikifika hapo watu husema imekufa na kuitupa. Haijafa. Iunganishe tena na Uno, chagua Arduino as ISP kwenye ile menyu, bonyeza Burn Bootloader, subiri kidogo, kisha rudi kwenye kebo yako, ambayo jina lake ni adapta ya siriali.