Je, Wajua? Damu ya Mkononi Hufichuaje Kuvu Iliyo Mapafuni

Julai ikifika Nairobi, nguo huanikwa ndani, madirisha hufungwa, na pembe za kuta huota madoa meusi. Wenye pumu hukohoa usiku kucha. Daktari akishuku mzio wa kuvu, huagiza damu ipimwe. Lakini ikiwa shida iko kifuani, damu ya mkononi itajuaje?

Maabara haitafuti kuvu yenyewe. Hutafuta alama za ugomvi wake na mwili. Kuvu inayohusika hasa huitwa Aspergillus fumigatus, nayo huishi hata kwenye mboji na majani yanayooza. Vijimbegu vyake, vya maikromita 2 hadi 3 tu, sote huvivuta kila siku bila kudhurika. Kwa baadhi ya wenye pumu, hunasa kwenye makohozi mazito na kuota humo. Mwili hujibu kwa kumwaga kingamwili ziitwazo IgE, na hizo husafiri na damu hadi mkononi.

Kipimo cha kwanza huuliza kama kuna IgE inayoilenga kuvu hiyo. Ikifika yuniti 0.35 kwa mililita, mwili unaitambua. Kisha hupimwa IgE yote kwa jumla. Zamani madaktari wengi walingoja ifike yuniti 1,000 kwa mililita. Mwongozo wa kimataifa wa 2024 umeishusha hadi 500. Jumla hiyo peke yake haitoshi, maana hata minyoo huipandisha, na kwetu minyoo si wageni. Ndiyo maana huongezwa kipimo cha IgG ya kuvu (kingamwili ya aina nyingine), hesabu ya eosinofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazoongezeka wakati wa mzio, na picha ya CT ya mapafu. Ukiwa unameza steroidi, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu, kwani hushusha eosinofili.

Mzio huu wa kuvu mapafuni hufanana mno na kifua kikuu: kikohozi kisichokoma, makohozi ya kahawia, pengine damu, na vivuli kwenye eksirei. TB ipimwe kwanza, hilo halina mjadala. Ila inaniuma mtu ambaye makohozi yake hayakuonyesha TB akimeza dawa za TB miezi 6 bila nafuu, na hakuna aliyewaza kuvu, huku njia zake za hewa zikiendelea kutanuka na kuharibika.

Tiba ikianza, IgE ya jumla hupimwa tena baada ya wiki 8 hivi. Si lazima irudi kiwango cha kawaida; daktari hutazama kama imeshuka.