Kuhamishia mfumo endeshi wa kujiundia kwenye RISC-V: maana yake hasa

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta na programu nyingine zote. Wa kujiundia ni ule ambao mtu mmoja, au kikundi kidogo, kinauandika kwa mapenzi yake, bila mwajiri wala mteja anayeusubiri. Haiku ulianza hivyo mwaka 2001, wapenzi wa BeOS walipoamua kuujenga upya mfumo ambao kampuni yake ilikuwa imeuzwa. SerenityOS aliuanza Andreas Kling wa Sweden mwaka 2018. Hata Linux: Linus Torvalds alipoutangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, alisema ni mradi wa kujifurahisha tu, tena hauwezi kuhamishika kwa sababu umeshikamana na prosesa ya Intel 386. Kufikia mwaka 1995, toleo la 1.2 lilikuwa tayari linashughulikia prosesa za aina nyingine: Alpha, SPARC na MIPS.

Kuhamisha ndiko huko. Unachukua mfumo ulioandikwa kwa ajili ya aina moja ya prosesa na kuufanya uishi kwenye aina nyingine. Mpishi wa harusi akihamishwa jiko, pilau haibadiliki. Kinachobadilika ni pa kuwashia moto, pa kuchotea maji na ukubwa wa sufuria. Sehemu kubwa ya msimbo wako, yaani mafaili, ratiba ya programu, amri za kwenye kioo, ikiwa imeandikwa kwa lugha ya C hubaki kama ilivyo. Kazi yote iko kwenye ile sehemu ndogo inayogusana na chuma, yaani mashine yenyewe.

RISC-V ni usanifu huria wa prosesa. Ulianza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mikononi mwa Krste Asanović na wanafunzi wake Andrew Waterman na Yunsup Lee, pamoja na David Patterson. Hapa watu wengi huchanganya mambo. Kilicho huria ni maelezo ya maagizo: prosesa inaelewa amri zipi, kila amri imepangwaje kwa biti, inafanya nini. Yeyote anaweza kutengeneza chipu inayofuata maelezo hayo bila kuomba leseni wala kulipa mrabaha. Chipu yenyewe inaweza kuwa siri ya kampuni iliyoitengeneza, na nyingi ziko hivyo. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema chipu yoyote ya RISC-V ni huria, msahihishe kwa upole.

Basi uhuria huo unamsaidia nini mwandishi wa mfumo endeshi, ambaye hatengenezi chipu? Vitabu vya Intel navyo vinapakuliwa bure. Kwa maoni yangu faida iko mahali pawili. Kwanza, usanifu wenyewe ni mchanga na haubebi mizigo ya zamani: prosesa ya x86, yaani ya ukoo wa ile Intel 386, ikiwaka kwa njia ya kale ya BIOS (programu ndogo inayoamsha kompyuta) bado inajifanya mashine ya 16-biti ya mwaka 1978, nawe unalazimika kuipandisha ngazi hadi biti 64 kabla ya kuanza kazi yako. Pili, kuna prosesa za RISC-V ambazo michoro yake iko wazi, kama Rocket ya Berkeley. Maelezo yakikuchanganya, unaweza kwenda kusoma prosesa yenyewe ilivyoandikwa. Kwa mwanafunzi wa Tudor au Kisauni mwenye kipakatalishi cha mtumba, huo ni utajiri. Unapakua vitabu viwili vya maelezo ya RISC-V na kompaila, programu inayogeuza msimbo wako kuwa maagizo ya prosesa, kwa Wi-Fi ya chuo, unaweka QEMU, ambayo ni programu inayoiga mashine nzima ya RISC-V, na bando likiisha kazi haisimami.

Sasa tuangalie kinachobadilika, maana ndipo dhana yenyewe ilipo.

Kwenye x86, somo la kwanza la kila mtu ni kuandika herufi kwenye anwani 0xB8000, na herufi inatokea juu kushoto mwa kioo. Peleka msimbo huo kwenye mashine ya "virt" ya QEMU ya RISC-V: hakuna kitu kwenye anwani hiyo, na prosesa inalalamika. Kumbukumbu kuu inaanzia 0x80000000. Kioo hakipo; kuna mlango wa mfululizo (serial port) wa kutolea herufi moja moja, wa aina ya 16550, kwenye anwani 0x10000000. Ukiandika baiti ya herufi A hapo, A inatokea kwenye dirisha lako. Tena x86 ina maagizo maalumu ya kuongea na vifaa, yaani "in" na "out". RISC-V haina. Kila kifaa kinafikiwa kama anwani ya kumbukumbu, kwa kusoma na kuandika kwa kawaida, na sehemu zote za mfumo wako zilizotumia "out" zinahitaji kuandikwa upya.

Namna ya kuwaka nayo ni nyingine. BIOS ya kale ilisoma baiti 512 za mwanzo wa diski, ikaziweka 0x7C00 na kuruka hapo. Kwenye QEMU ya RISC-V, programu iitwayo OpenSBI huamka kwanza ikiwa na mamlaka ya juu kabisa, ngazi ya M. Ikishatayarisha mambo huikabidhi keneli yako, yaani moyo wa mfumo endeshi, usukani katika ngazi ya S, kwa kawaida kwenye anwani 0x80200000. Programu za mtumiaji zinakaa ngazi ya U. Keneli inapoanza inakuta vitu viwili vimewekwa tayari: rejista a0 (rejista ni kisanduku kidogo cha namba ndani ya prosesa) ina namba ya kiini cha prosesa unachoendeshea, na a1 ina anwani ya orodha inayoeleza vifaa vyote vya mashine. Napenda sana jambo hili la pili. Badala ya kubahatisha vifaa viko wapi, mashine inakuambia.

Lakini mahali panapowatoa watu jasho ni jedwali za kurasa, zile zinazogeuza anwani ambazo programu inaziona kuwa anwani halisi za kumbukumbu. Kwa juu juu mambo yanafanana: ukurasa ni baiti 4096, kila jedwali lina nafasi 512. x86 ya biti 64 kwa kawaida hutumia ngazi nne. Mpangilio wa RISC-V uitwao Sv39 una ngazi tatu. Kama uliandika namba 4 moja kwa moja ndani ya msimbo badala ya kuipa jina, sasa utaitafuta faili kwa faili. Huo ni usumbufu mdogo. Mtego wenyewe uko kwenye biti za ruhusa. Kwenye x86, ili ukurasa uandikike, unaweka biti ya ruhusa ya kuandika katika kila ngazi, kuanzia juu hadi chini, na mkono unazoea. Kwenye RISC-V, nafasi ya jedwali ikiwa na ruhusa yoyote ya kusoma, kuandika au kutekeleza, prosesa inaelewa kwamba safari imeishia hapo na huo ndio ukurasa. Ukifanya hivyo ngazi ya juu, umetangaza ukurasa mmoja wa gigabaiti nzima. Nafasi inayoelekeza kwenye jedwali la chini yake lazima iwe na biti ya uhalali peke yake, ruhusa zote tatu zikiwa sifuri. Msimbo ulionakiliwa kutoka x86 hukwama papo hapo, na anayeutazama anaona kila mstari uko sawa, kwa sababu kwa prosesa ya zamani ulikuwa sawa kweli.

Kuna na tofauti za kimyakimya. Kugawanya kwa sifuri kwenye x86 hukatiza programu na kuita keneli. RISC-V haikatizi chochote: inarudisha jibu lenye biti zote moja na kuendelea, hivyo ile sehemu ya keneli yako iliyokuwa ikizima programu zinazogawanya kwa sifuri haitaitwa kamwe. Aina ya "char" katika C nayo kwa kawaida hubeba namba hasi kwenye x86, ila kwenye RISC-V haibebi. Kitanzi kinachosubiri "char" ishuke chini ya sifuri kitazunguka bila mwisho. Na mashine ikiwa na viini kadhaa, RISC-V inaruhusu maandishi ya kumbukumbu yaonekane kwa viini vingine kwa mpangilio tofauti na ule ulioandika, mpaka uweke agizo la "fence". x86 ni mkali zaidi katika hili, na kufuli nyingi za kujiundia, yaani msimbo unaozuia viini viwili kugusa kitu kimoja kwa pamoja, zimeishi miaka kwa kutegemea ukali huo bila mwenyewe kujua.

Kwa anayetaka kuona kazi iliyokamilika, namshauri asome xv6, mfumo mdogo wa kufundishia wa MIT. Uliandikwa kwa x86, ukahamishiwa RISC-V mwaka 2019. Una mistari elfu chache tu, na ukiyaweka matoleo mawili kando kwa kando unaona wazi nini kilibadilika na nini hakikuguswa. Kwa mfano mkubwa zaidi kuna Haiku, ambao mwaka 2021 ulifika hadi kuonyesha madirisha yake kwenye bodi ya RISC-V iitwayo HiFive Unmatched.

Kuhusu bodi, nisingekimbilia kununua. ESP32-C3 ni RISC-V na bei yake ni nafuu, lakini ni ya biti 32, ina takriban kilobaiti 400 za kumbukumbu, na haina jedwali za kurasa za aina niliyoeleza. Raspberry Pi Pico 2 ya mwaka 2024, yenye viini viwili vya RISC-V ndani yake, nayo ni ya kundi hilo hilo. Ni vizuri kwa kuwasha taa na kusoma vipimo. Mfumo endeshi wenye programu zilizotengwa moja na nyingine hautakaa humo. QEMU inatosha kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Na kazi inahesabika kuwa imekwisha lini? Si siku herufi ya kwanza inapotokea, ingawa siku hiyo ni tamu. Imekwisha pale programu za mtumiaji ulizoandika zamani zinapopita kwenye kompaila mpya bila kubadilishwa mstari na kufanya kazi, na lile toleo la x86 likawa bado linajengeka kutoka folda ileile.