Je, wajua kwa nini Kanada huyaachia majimbo yachague wahamiaji?

Hebu fikiria Mkoa wa Mbeya unaiandikia Idara ya Uhamiaji barua: fundi huyu kutoka Msumbiji tunamtaka, karakana moja hapa kwetu imeshampa kazi, tunaomba apewe ukaazi wa kudumu. Afisa atakayeipokea atadhani anataniwa. Kwetu, iwe Tanzania, Kenya au Uganda, kuamua nani aingie na nani abaki ni kazi ya serikali kuu. Kanada barua za namna hiyo ni shughuli ya kawaida ya ofisi, na zinajibiwa. Majimbo tisa kati ya kumi, pamoja na maeneo ya Yukon na Northwest Territories kule kaskazini, kila moja lina mpango wake wa kuteua wahamiaji. Na katika mipango hiyo mlango unaotajwa sana ni ule unaofunguliwa na mwajiri: mwenye hoteli, mwenye malori, msimamizi wa nyumba ya kulea wazee.

Nani aliyapa majimbo mamlaka hayo? Na mwajiri aliingiaje?

Chanzo ni katiba ya mwaka 1867, iliyoizaa Kanada kama shirikisho. Kifungu chake cha 95 kinataja mambo mawili ambayo bunge la jimbo na bunge la shirikisho yote yanaruhusiwa kuyatungia sheria, nayo ni kilimo na uhamiaji. Leo mtu akisoma anaweza kujiuliza mambo hayo yanahusianaje, lakini enzi zile ardhi ilikuwa tele na mikono ya kuilima haitoshi, kwa hiyo kuleta watu na kufungua mashamba lilikuwa jambo moja. Sharti lilikuwa kwamba sheria ya jimbo isipingane na ya shirikisho. Baada ya hapo, kwa miongo mingi Ottawa, yaani serikali ya shirikisho, ndiyo iliyoshika uhamiaji karibu wote, na majimbo yakaacha nafasi yao ikae kwenye karatasi.

Quebec ndiyo iliyoamka kwanza, na sababu yake ilikuwa lugha. Wakuu wa jimbo hilo waliogopa kwamba wahamiaji wanaochaguliwa na Ottawa wangezidi kuingia upande wa Kiingereza na Kifaransa kikapungukiwa na wasemaji. Makubaliano ya 1978, kisha yale mapana zaidi ya 1991, yakaipa Quebec haki ya kuchagua yenyewe wahamiaji wake wa kiuchumi. Ndiyo maana ukisikia watu wanazungumzia mpango wa uteuzi wa majimbo (PNP, kwa kifupi cha Kiingereza), Quebec haimo. Yenyewe ina utaratibu wake.

Jimbo lililozaa mpango wenyewe ni Manitoba. Katika miaka ya 1990 wahamiaji waliokuwa wakiingia Kanada walimiminikia Toronto, Vancouver na Montreal. Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, ulikuwa na viwanda vya nguo vyenye cherehani zisizo na washonaji. Mfumo wa shirikisho ulikuwa wa alama: umri, lugha, na zaidi ya yote vyeti vya shule. Mshonaji hodari asiye na digrii alikuwa hapiti, na mwenye digrii aliyepita hakwenda Winnipeg kushona. Manitoba ikaingia makubaliano na Ottawa mwaka 1996, na mwaka 1998 ukaanza mpango wa uteuzi. Washonaji wakawa miongoni mwa waliofunguliwa njia mapema. Miji midogo kama Winkler na Steinbach nayo ikautumia kuleta familia zinazozungumza Kijerumani, ambazo zilikuta huko makanisa na lugha waliyoizoea. Ontario, yenye watu wengi kuliko yote, haikuwa na haraka. Watu walikuwa wanaifuata wenyewe, na mpango wake ulianza 2007.

Ukitaka kuona mwajiri anavyoweza kubadili mji, angalia Brandon, mji wa pili kwa ukubwa huko Manitoba. Mwaka 1999 kampuni ya Maple Leaf Foods ilifungua hapo kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe. Kazi ya kusimama kwenye mstari, kisu mkononi, ndani ya chumba cha baridi, haikuwapendeza wenyeji wengi. Kampuni ikaajiri watu kutoka El Salvador, China, Ukraine, Mauritius na kwingineko kwa vibali vya muda. Baada ya miezi sita kazini, mfanyakazi aliweza kuomba jimbo limteue. Kwa vipimo vya shirikisho mkata nyama alikuwa mtu wa kuja, kufanya kazi na kurudi kwao. Manitoba ilimwona kama mkazi mpya, atakayepanga nyumba na kupeleka watoto shule. Wake, waume na watoto wakafuata, na madarasa ya Brandon yakajaa wanafunzi ambao Kiingereza hawakukizungumza nyumbani.

Utaratibu wenyewe una hatua mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Jimbo haliwezi kumpa mtu ukaazi wa kudumu. Linaweza kumteua tu. Akishapata cheti cha uteuzi, anapeleka maombi kwa wizara ya uhamiaji ya shirikisho, nayo inapima afya, rekodi ya polisi na usalama, kisha ndiyo inayotoa uamuzi. Mteule anaweza kukataliwa na Ottawa, ingawa uteuzi una uzito mkubwa. Katika Express Entry, mfumo wa shirikisho wa kuchagua wahamiaji kwa alama ulioanza Januari 2015, uteuzi wa jimbo unamwongezea mwombaji alama 600, na kwa kawaida hizo zinatosha kumvusha.

Kwa upande wa mwajiri, si suala la kuandika barua kwenye karatasi yenye nembo na kugonga muhuri. Chukua kanuni za Ontario za mkondo wa ofa ya kazi, yaani ile njia ya wanaoombewa na mwajiri, kama zilivyokuwa zikitumika hadi mwaka 2025. Biashara ilipaswa iwe imefanya kazi angalau miaka mitatu. Kama iko ndani ya eneo la Toronto, mapato yake ya mwaka yasipungue dola milioni moja na iwe na wafanyakazi watano wa kudumu, raia au wakazi. Nje ya Toronto, dola 500,000 na wafanyakazi watatu zilitosha. Hata ada ya mwombaji ilitofautiana: dola 2,000 kwa kazi ya Toronto, 1,500 kwa kazi ya kwingineko. Ukizitazama tarakimu hizo unaona jimbo linajaribu kuwasukuma watu watoke kwenye jiji lililokwisha kujaa.

Halafu kuna namba ya kazi. Kanada imeipa kila kazi namba ya tarakimu tano, na tarakimu ya pili inaonyesha kiwango cha ujuzi, kuanzia 0 hadi 5. Kadiri inavyopanda, ndivyo kazi inavyohesabiwa kuwa ya ujuzi mdogo. Ingia jikoni kwenye mgahawa mmoja tu. Mpishi mkuu ni 62200. Mpishi wa kawaida ni 63200. Yule anayehudumia kaunta na kuosha vyombo ni 65201. Wote wanavuta moshi uleule na kutoka kazini usiku uleule. Lakini Express Entry inapokea viwango vya 0 hadi 3 pekee, kwa hiyo wawili wa kwanza wana njia ya shirikisho na wa tatu hana. Tumaini lake ni mkondo wa jimbo unaokubali kiwango chake, tena si kila jimbo linao. Mwajiri asiyejua mambo haya, au anayejua na kufanya ujanja, humwita mwosha vyombo "mpishi" kwenye fomu. Ofisa wa jimbo akisoma maelezo ya kazi na kulinganisha na mshahara, hadithi inagoma, na anayeumia zaidi ni mfanyakazi, maana maelezo ya uongo kwenye maombi yanaweza kumfungia Kanada kwa miaka mitano.

Majimbo manne ya pwani ya Atlantiki, yaani New Brunswick, Nova Scotia, Prince Edward Island na Newfoundland na Labrador, yana njia nyingine ya mwajiri pembeni ya uteuzi. Ilianza kama majaribio mwaka 2017 na ikawa ya kudumu Januari 2022. Humo mwajiri mwenyewe hukaguliwa na kuidhinishwa kwanza na jimbo, na hahitaji tathmini ya soko la ajira, ile ya kuonyesha kwamba hakupatikana mtu wa ndani ya Kanada wa kuifanya kazi, ambayo kwa kawaida humgharimu dola 1,000 kwa kila nafasi. Kiwango cha 4 kinakubaliwa, mradi ajira iwe ya kudumu. Kabla ya kuomba, mfanyakazi huandaliwa mpango wa makazi: shule ya watoto, usafiri, madarasa ya lugha. Kwangu mimi hili ndilo lililofikiriwa vizuri kuliko yote, kwa sababu linamkumbusha mwajiri kwamba anamleta binadamu mwenye familia.

Lakini kwa nini mwajiri hasa? Mbona jimbo lisimteue tu mtu mwenye elimu nzuri au mwenye fedha? Jibu liko kwenye hati ya haki na uhuru ya mwaka 1982. Kifungu chake cha 6 kinampa raia na mkazi wa kudumu haki ya kuhamia na kufanya kazi katika jimbo lolote. Jimbo linaweza kumtaka mwombaji awe na nia ya kweli ya kuishi kwake, na akidanganya ni kosa, ila akishapata ukaazi haliwezi kumfunga kamba. Kwa hiyo linatafuta kitu cha kumfanya mtu asitake kuondoka, na kazi inayomsubiri ndicho kitu chenye nguvu zaidi walichokipata. Fedha zilijaribiwa. Prince Edward Island ilikuwa na mkondo wa wafanyabiashara walioweka dhamana ya dola 200,000, ambayo wangerudishiwa wakifungua biashara na kuishi kisiwani. Wengi waliona heri dhamana ipotee, wakachukua ukaazi na kwenda kuishi miji mikubwa. Mwaka 2018 kisiwa kikaufunga mkondo huo.

Kazi nayo ina ubaya wake. Wakati anasubiri uteuzi, mfanyakazi mara nyingi yuko kwenye kibali kinachomruhusu kumfanyia kazi mwajiri mmoja tu. Mwajiri huyohuyo ndiye aliyetoa ofa, na akiiondoa, maombi yanaanguka. Hapo hata asiyepigiwa kelele anajua cha kufanya akiombwa saa za ziada bila malipo. Mwaka 2019 Ottawa ilianzisha kibali cha wazi kwa wafanyakazi wanaonyanyaswa, kinachowaruhusu kuondoka na kutafuta kazi kwingine. Kinasaidia, lakini hakimrudishii mtu ofa iliyokuwa msingi wa maombi yake.

Tangu mwisho wa 2024 upepo umegeuka. Lengo la uteuzi wa majimbo yote, lililokuwa 110,000 kwa mwaka 2024, lilishushwa hadi 55,000 kwa mwaka 2025. Saskatchewan ilipewa nafasi 3,625, nusu ya mwaka uliotangulia, na ikatangaza kwamba robo tatu ya wateule wake wa mwaka huo watakuwa watu walioko tayari ndani ya Kanada. Hoteli na migahawa, malori na maduka, sekta zilizozoea kuleta watu kutoka nje, zikapangiwa zisizidi asilimia 25 ya uteuzi. Lengo la 2026 limepandishwa tena hadi 91,500. Hata hivyo, mtu anayeomba akiwa Arusha au Mombasa asome vizuri ile robo tatu: aliyeko Regina, mji mkuu wa Saskatchewan, na kibali cha kazi mkononi amemtangulia.

Kuna Waswahili wenye karata ambayo wengine hawana. Aliyesoma Bujumbura, Bukavu, Goma au Lubumbashi ana Kifaransa, na Ottawa imejiwekea lengo la wahamiaji wanaozungumza Kifaransa nje ya Quebec: asilimia 8.5 mwaka 2025 na 9 mwaka 2026. New Brunswick, jimbo pekee lenye Kiingereza na Kifaransa kama lugha rasmi zote mbili, inawahitaji, na Manitoba ina jamii ya zamani ya Kifaransa huko Saint-Boniface. Kifaransa cha mdomoni hakitoshi, lazima kipimwe kwa mtihani wa TEF Canada au TCF Canada. Nashangaa watu wanaotumia miaka wakihangaika na alama za Kiingereza ilhali Kifaransa chao cha sekondari kimelala tu.

Na wale wanaouza "viza ya PNP" WhatsApp kwa malipo ya awali? Hakuna viza ya jina hilo. Kuna cheti cha uteuzi kinachotoka ofisi ya jimbo, chenye tarehe ya kwisha, na jimbo haliuzi ofa za kazi. Manitoba ina sheria, iliyoanza kutumika 2009, inayokataza kumtoza mfanyakazi fedha za kumtafutia kazi, na majimbo mengine kadhaa yana sheria za namna hiyo. Mshauri wa uhamiaji anayelipwa lazima awe amesajiliwa na chombo cha taaluma kilichoanza kazi Novemba 2021, ambacho orodha yake iko wazi mtandaoni, au awe mwanasheria mwenye leseni. Kabla ya kutoa hata shilingi, muulize wakala mambo matatu: namba ya kazi yenye tarakimu tano, jina la mkondo wa jimbo, na jina la mwajiri kama lilivyosajiliwa. Akianza kusema "wewe tuma kwanza pasipoti", kata simu.