Je, wajua kwa nini mlango wa bweni hufungukia nje?

Pita vichochoro vya mji wa kale wa Lamu utazame milango ya nakshi. Mbao mbili, mfaa (ule ubao mwembamba wa kusimama) katikati, kizingiti kilichoinuka, na yote husukumwa kuingia ndani. Kichochoro chenyewe ni chembamba, punda aliyebeba mchanga akipita kuta karibu azipanguse. Mlango wa kufungukia nje ungemgonga kila mpita njia. Mwenye nyumba naye hutia komeo kwa ndani, akalala.

Kwa bweni, mwongozo wa usalama wa shule za Kenya wa 2008 unataka kinyume chake: mlango ufungukie nje, upana usipungue futi 5, usifungwe kwa nje watoto wakiwamo, na madirisha yasiwe na vyuma.

Sababu ni msongamano. Moto ukizuka, wote hukimbilia mlangoni. Mlango wa kuvuta unamtaka aliye mbele arudi nyuma hatua moja, na hiyo hatua haipo tena, imeshajaa watu. Huko Sunderland, Uingereza, mwaka 1883, watoto 183 walikufa kwa kubanana ngazini katika ukumbi kwa kuwa mlango wa chini, uliofungukia ndani, ulikuwa umekazwa ukaacha upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja. Hapa kwetu, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001 walikufa wanafunzi 67 bweni liliposhika moto. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Sasa mfikirie mtoto anayetumia kiti cha magurudumu. Mlango wa kuvuta humlazimu arudishe kiti nyuma huku mkono mmoja umeshika kitasa. Wa kusukuma, anausukuma kwa kiti chenyewe. Mwenye magongo husukuma kwa bega. Asiyeona huhitaji njia ileile kila siku, ndiyo maana ile mita 1.2 ambayo mwongozo huo unaitaka kati ya kitanda na kitanda isijazwe masanduku. Kiziwi hasikii kengele hata ipigwe vipi. Anahitaji taa inayomweka au mtu aliyepangiwa kumwamsha. Na kizingiti, pambo la nyumba zetu, kwake mwenye kiti ni ukuta: kwa kipimo kinachotumika sana cha 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8.

Kenya iliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 16 kinataka vituo na programu zilizowekwa kuwahudumia zifuatiliwe na vyombo huru. Kwa maoni yangu, mkaguzi anayefika saa nne asubuhi kwa miadi, akaandaliwa chai ofisini, hajakagua. Aje usiku bila taarifa. Aulize ufunguo uko kwa nani na huyo mtu analala wapi. Kisha awaulize wanaolala humo, kwa lugha ya ishara ikibidi, wao wenyewe hutokaje.