Diski Nzima, Kasha Bovu

Jumatatu asubuhi kaka mmoja mwenye studio ya picha Tukuyu aliingia dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, amepakata kasha la diski nne za kompyuta lililoviringishwa kanga, utadhani kabeba mtoto mgonjwa. "Shikamoo fundi. Humu kuna harusi za miaka mitano," akasema hata kabla hajakaa. Umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, na tangu hapo kasha haliwaki hata taa moja.

Nililifungua mbele yake. Karibu na tundu la waya wa umeme, kapasita mbili zilikuwa zimevimba kama maandazi, na bodi ilikuwa na doa jeusi. Diski nikazitoa, nikazichomeka moja moja kwenye kompyuta yangu. Zote nne zikazunguka, zote zikasoma, hakuna hata moja yenye sehemu mbovu.

"Kwa hiyo zimepona?"

"Diski zimepona. Picha bado."

Alinitazama kama nimemtukana. Nimeandika hapa yale niliyomweleza siku ile, maana si yeye wa kwanza na hatakuwa wa mwisho.

Wateja wanaoulizia makasha ya diski nyingi huuliza kwanza linabeba diski ngapi, kisha bei, kisha spidi. Swali ninalolisubiri halifiki: kasha lenyewe likifa, diski zangu zitasomeka nje yake? Tunaogopa diski kufa, na ni kweli zinakufa, lakini kwa diski kufa dawa ipo. Kasha kufa ndiko kunakomkuta mtu hana dawa.

Tuanze na kasha la kawaida kabisa, lile linaloonyesha kila diski peke yake. Unachomeka waya mmoja wa USB, kompyuta inaona diski nne, kila moja na jina lake. Halina ujanja wowote, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Diski moja ikifa umepoteza ya hiyo moja tu, tatu zinaendelea. Ubaya ni kwamba kulinda data ni juu yako: usiponakili kutoka ya kwanza kwenda ya pili, hakuna atakayekufanyia. Spidi nayo inagawanywa, kwa sababu diski zote zinapita mlango mmoja. USB 3.0 imeandikwa gigabiti 5 kwa sekunde, lakini kwa kazi halisi utaona kama megabaiti 400. Diski nne za kuzunguka zikikimbia pamoja zinaweza kupita hapo. Kwa anayehariri harusi moja kwa wakati mmoja, hilo halimuumizi.

Hata kasha hili la kawaida lina mtego, nao umenipotezea siku nzima zaidi ya mara moja. Diski huhesabu nafasi yake kwa vipande vidogo viitwavyo sekta, na kwa miaka mingi sekta moja ilikuwa baiti 512. Mfumo wa zamani wa kugawa diski, MBR, hutumia namba za biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), kwa hiyo unaishia kwenye sekta bilioni 4.29. Zidisha kwa 512, unapata terabaiti 2.2, hapo ndipo ukuta ulipo. Windows XP ilikwama hapo. Watengenezaji wa makasha wakabuni ujanja: chipu iliyo ndani ya kasha inazifunga sekta nane pamoja na kuiambia kompyuta kwamba hiyo ni sekta moja ya baiti 4096. Ukuta ukasogea hadi terabaiti 17 na ushee, kila mtu akafurahi.

Sasa itoe diski hiyo kwenye kasha uichomeke moja kwa moja kwenye bodi ya kompyuta. Jedwali lililoandikwa mwanzoni mwa diski linasema data zinaanza sekta ya 256. Kompyuta inaitafuta sekta ya 256, ila inahesabu kwa hatua za 512, si 4096. Ni kama mzee amekuelekeza "tembea hatua mia utaukuta mwembe", ukamtuma mtoto wa miaka mitatu. Anasimama njiani, mwembe hauoni. Windows inaona patupu, inakuuliza kwa adabu zote kama ungependa kufomati diski. Usibonyeze. Data zipo palepale, kinachotakiwa ni mtu wa kuzihesabu upya kwa hatua ndefu, na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, inaweza. Kuna makasha mengine ambayo chipu yake inafunga data kwa fumbo la siri bila hata kukuuliza. Hayo yakifa bodi ndiyo imeondoka na ufunguo.

Kasha la mteja wangu ni la aina nyingine, lenye RAID ndani, yaani mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Jina hilo lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, kwenye makala ya Patterson, Gibson na Katz. Herufi I mwanzoni ilimaanisha "inexpensive", diski za bei nafuu. Baadaye viwanda vikaigeuza kuwa "independent", diski zinazojitegemea. Nadhani neno "bei nafuu" liliwakera wauzaji.

Yeye alikuwa ametegesha RAID 5: diski nne za terabaiti 4, anapata 12 za kutumia, na moja ikifa hapotezi kitu. Wengi wanaamini ya nne ni nakala. Si nakala, ni hesabu. Chukua biti kutoka diski tatu, tuseme 1, 0 na 1. Kanuni inataka idadi ya zile 1 iwe shufwa. Hapa zipo mbili, basi diski ya nne inaandika 0. Diski ya tatu ikifa, zimebaki 1, 0 na 0. Moja ipo peke yake, kwa hiyo iliyopotea lazima ilikuwa 1. Kasha linarudia hesabu hiyo mabilioni ya mara na kuijenga diski upya. Na kazi ya kutunza hesabu haiachiwi diski moja: inazungushwa, kila diski inachukua zamu yake.

Mpango mzuri kwa kweli. Tatizo ni mzunguko wenyewe. Zamu inaanzia diski ipi? Inaenda kulia au kushoto? Kila kipande kinachogawiwa diski kina kilobaiti 64, 128 au 512? Majibu hayo kasha linayatunza kwa mwandiko wake, na makasha mengi ya bei ndogo yana mwandiko ambao kampuni nyingine haiusomi. Dawa rahisi ni kupata kasha la aina ileile, tena bodi ya toleo lilelile. Lake liliacha kutengenezwa.

Na hapa kaka wa Tukuyu alinipa zawadi ya pili. Usiku ule, kwa hofu, alikuwa amezichomoa diski zote akazifuta vumbi na kuzirudisha, bila kukumbuka ipi ilikaa wapi. Diski nne zinapangika kwa namna 24.

Kwanza nilinakili kila diski kwenye diski yangu, maana sifanyii majaribio mali ya mtu. Terabaiti 4 kwa megabaiti 150 za sekunde ni saa saba na nusu kwa diski moja, na hapo mashine haijapumzika. Halafu nikaanza kupanga. Njia yangu ni ya kizamani: natafuta picha moja kubwa ya JPEG, ya megabaiti nane au kumi, ambayo lazima imekatwa vipande vingi kwenye diski zote, na kuifungua kwa kila mpangilio. Mpangilio ukiwa wa uongo, picha inaanza vizuri kisha inavunjika. Jumanne usiku nilikuwa na bibi harusi mwenye taji na paji la uso. Chini ya nyusi ni mistari ya kijivu na waridi. Nikabadilisha diski ya pili na ya tatu, akapata macho na pua, kidevu hakuna. Mpangilio wa kumi na moja, na vipande vya kilobaiti 128, akatokea mzima hadi viatu, na nyuma yake wapambe wanne wanacheka.

Zingatia kwamba hayo yaliwezekana kwa sababu diski zote nne zilikuwa nzima. RAID 5 inavumilia diski moja tu, na kipindi cha hatari ni kile cha kujenga upya, diski zilizobaki zinaposomwa zote mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi. Kama zote nne ulizinunua siku moja kutoka katoni moja, zimechoka pamoja. Halafu angalia aina ya diski: zile zinazoandika njia zake kwa kulaliana kama vigae vya paa, SMR, ni nzuri kwa kuhifadhi na kuacha, ila kwenye kujenga upya zinakokota hadi baadhi ya makasha yanadhani zimekufa na kuzifukuza. RAID 0, ile inayogawa data kwenye diski bila hesabu ya kuzilinda, sitaki hata kuizungumzia kwa mtu wa harusi: diski moja ikifa, zote zimekwenda.

Tuje kwenye umeme, ambako naona makasha mengi zaidi yanakufia. Diski kubwa ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka huvuta kama ampea 2 kwenye volti 12, yaani wati 24, ingawa ikishatulia inatumia chini ya theluthi ya hizo. Nne zikiamka pamoja ni wati 96. Sasa soma adapta uliyopewa na kasha. Ikiwa imeandikwa 12V 6A, hizo ni wati 72. Kasha lililotengenezwa kwa akili linaziamsha diski moja baada ya nyingine, unasikia vuum, kimya, vuum. La ovyo linaziamsha zote kwa mkupuo, adapta inazidiwa, volti zinaporomoka, na diski zinaanza kugonga tk, tk, tk. Mtu analia diski zimekufa. Kabla hujalia nenda kwa fundi mwenye mita, apime volti wakati wa kuwasha. Mara nyingi nimebadilisha adapta tu, mwenye mali akarudi nyumbani siku ileile.

Lakini usiazime adapta ya laptopu kwa kuwa plagi imeingia. Ile ya laptopu mara nyingi ni volti 19, na tundu la duara halijui tofauti. Kwenye bodi ya diski kuna kidayodi kidogo cha ulinzi ambacho hujitoa mhanga, na ukiwa na bahati ndicho pekee kinachoungua.

Kukatika kwa umeme nako kuna ubaya wake wa kimyakimya. RAID 5 ikiandika, inaandika data kisha hesabu yake. Umeme ukikatika katikati, data mpya ipo na hesabu ni ya zamani. Huoni kosa lolote hadi siku diski inakufa na kasha linajenga upya kwa hesabu ya uongo. Ndiyo maana kasha la RAID bila UPS, ile betri ya akiba, hasa majira yetu ya mvua kuanzia Novemba radi zikipiga juu ya Loleza, mimi simfungii mtu.

Baridi ya hapa kwetu wala haina neno. Mwinuko nao usikutishe: kichwa cha diski huelea juu ya tabaka jembamba la hewa, na viwanda huweka kikomo cha kawaida kama mita 3,000, sisi mjini tuko kama 1,700. Hatari ni safari. Ukitoka Mbeya alfajiri ya Julai na kasha la baridi, ukashuka Kyela kwenye joto la Ziwa Nyasa na kuliwasha papo hapo, unyevu unageuka matone ndani yake kama kwenye chupa ya soda iliyotoka friji. Liache saa mbili kwanza. Vumbi la Septemba nalo linaziba feni. Brashi ya rangi ya inchi moja inatosha kulitoa.

Mimi dukani nina kasha la kawaida la diski nne, na RAID naifanya kwa Linux, nje ya kasha. Kompyuta ikiungua naazima nyingine, naweka Linux, nachomeka diski kwa mpangilio wowote, inazitambua yenyewe, kwa sababu kila diski imeandikwa yeye ni nani. Masanduku ya diski yanayochomekwa kwenye mtandao, kama ya Synology na QNAP, nayo yana Linux ndani, ndiyo maana diski zake huwa nazikamata bila jasho kubwa. Bei ndiyo inauma. Na nakala ya kazi za wateja iko kwenye diski nyingine, nyumbani Uyole, kwa sababu mwizi habebi diski moja, anabeba kasha zima.

Trei za kaka wa Tukuyu nimeshaziandika namba 1 hadi 4 kwa kalamu nyeupe ya kufutia. Picha zinahama tangu jana kwenda kwenye diski mbili alizonunua, imefika asilimia 61. Asubuhi hii amenipigia. Hakuuliza kasha wala RAID. "Fundi, anza na ya Desemba, wale wazazi wa bibi harusi wamekaa hapa studio." Ya Desemba ipo mwishoni mwa foleni. Nimeisimamisha, nimeitanguliza.