Viashiria vya figo kwa mtoto mwenye kalsiamu nyingi kwenye mkojo

Mtoto mwenye kalsiamu nyingi kwenye mkojo anaweza kupimwa damu, kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa) ikatoka nzuri, ilhali mirija midogo ya figo zake imeshaanza kuumia. Kreatinini huchelewa: mara nyingi hupanda figo zikiwa zimeshapoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja. Ndiyo maana hutafutwa viashiria, yaani vitu vinavyopimika, hasa kwenye mkojo, vinavyoonyesha mapema kwamba figo ina shida, na shida iko sehemu gani.

Kalsiamu ya mkojo huhesabiwa kuwa nyingi ikizidi miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito kwa saa 24. Mtoto wa kilo 20, basi, asipitishe miligramu 80. Kukusanya mkojo wa mtoto kutwa kucha ni kazi ngumu, kwa hiyo hupimwa mkojo wa mara moja na kalsiamu ikagawanywa kwa kreatinini ya mkojo huohuo. Kalsiamu miligramu 15 kwa kreatinini miligramu 50 ni 0.3, ilhali kikomo kwa mtoto wa umri wa shule ni kama 0.2. Vichanga wana kikomo cha juu zaidi, na jibu likizidi kikomo, kipimo hurudiwa.

Sasa viashiria vyenyewe. NAG ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za mirija. Ni kikubwa mno kupenya chujio la figo kikitokea kwenye damu, hivyo kikijaa kwenye mkojo kimevuja kwenye seli zilizoumia. Beta-2 mikroglobulini ni kinyume chake: ni protini ndogo, hupita kwenye chujio bila shida, kisha mirija yenye afya huirudisha karibu yote. Ikibaki nyingi kwenye mkojo, mirija imelemewa. KIM-1 na NGAL, protini nyingine za mkojo, nazo hupanda seli zikiumia, ingawa NGAL hupandishwa hata na UTI.

Hakuna hata kimoja kinachotaja kilicholeta madhara, na vingi bado ni vya watafiti zaidi kuliko vya kliniki. Mtoto anayekojoa damu, kichocho na UTI vikishaondolewa, mwombeeni kwanza kipimo cha kalsiamu kwa kreatinini, pamoja na ultrasaundi. Tafadhali msimkatishe maziwa kwa kuogopa kalsiamu. Mifupa yake inaihitaji. Cha kupunguza ni chumvi, kwa sababu sodiamu ikitoka kwa wingi kwenye mkojo hutoka na kalsiamu. Maji anywe ya kutosha, hata akiwa shuleni.