Wakimbizi wa Casablanca hawakuwa pambo

Kila muhula nikimaliza kuonyesha Casablanca, filamu ya Marekani ya mwaka 1942 kuhusu wakimbizi wa vita waliokwama Moroko, taa hazijawaka vizuri mtu ameshanyoosha mkono: “Mwalimu, mapenzi ya Rick na Ilsa yametulia, ila wale wakimbizi ni pambo tu. Waigizaji wa Hollywood watajua nini kuhusu ukimbizi?” Wiki iliyopita nililisikia hilo mara mbili katika kipindi kimoja. Nimechoka kulijibu mlangoni huku watu wanawahi daladala, kwa hiyo leo naliandika lote.

Walijua sana. Katika waigizaji waliotajwa majina kwenye filamu ile, waliozaliwa Marekani ni watatu tu: Humphrey Bogart, Dooley Wilson na Joy Page. Waliobaki walitoka ng'ambo, na kadhaa kati yao walikuwa wamewakimbia Wanazi. Hata mwongozaji, Michael Curtiz, alikuwa Mhungaria.

Mchukue Yvonne, yule binti anayeingia mkahawani kwa Rick na afisa wa Kijerumani. Aliyemwigiza ni Madeleine Lebeau, Mfaransa, ndiyo kwanza ametimiza miaka 19. Juni 1940, majeshi ya Hitler yakiikaribia Paris, yeye na mumewe Marcel Dalio walikimbia hadi Lisbon, wakapanda meli na viza za Chile mkononi. Kufika Mexico wanaambiwa viza zenyewe ni za kughushi. Wakakwama huko mpaka walipopata pasipoti za muda za Kanada.

Mumewe naye yumo: ni Emil, mchezeshaji ruleti (kamari ya gurudumu), yule anayemkabidhi mkuu wa polisi, Kapteni Renault, fedha alizoshinda. Huyo Ufaransa alikuwa nyota, na Wanazi walitumia picha ya uso wake kwenye mabango kuwaonyesha watu “sura ya Myahudi”. Katika Casablanca jina lake halikuandikwa kabisa. Carl, mhudumu mnene mwenye huruma, ni S. Z. Sakall, Myahudi wa Hungaria. Dada zake watatu walikufa katika kambi ya Wanazi. Kijana anayecheza ruleti akitafuta fedha za viza ni Helmut Dantine, Mwaustria, ambaye Wanazi walimfunga kambini walipoitwaa nchi yake mwaka 1938. Na Meja Strasser, Mnazi mwenyewe? Conrad Veidt aliihama Ujerumani mwaka 1933, mkewe akiwa Myahudi.

Sasa rudi kwenye tukio la La Marseillaise. Maafisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao, Laszlo, mume wa Ilsa na mpinzani wa Wanazi, anaiendea bendi na kuitaka ipige wimbo wa taifa wa Ufaransa, wanamuziki wanamtazama Rick, Rick anaitikia kwa kichwa. Nawaomba wanafunzi walitazame tukio hilo mara ya pili bila kumwangalia Laszlo. Angalia nyuso za watu mezani. Kisha kamera inamsogelea Lebeau: machozi yanamtiririka, midomo inatetemeka, na bado anaimba. Ilikuwa mwaka 1942 na Paris ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Huyo binti unamwitaje pambo? Na tafadhali, usiitazame kwenye simu, wala usitafute ile nakala iliyotiwa rangi. Uso ule ulipigwa picha kwa nyeusi na nyeupe, na mwanga ulipangwa kwa ajili hiyo.

Dhana nyingine ninazozisikia kuhusu filamu hii nazipitia upesi.

“Ilipigwa Moroko.” Hapana, ni California, karibu yote ndani ya studio za Warner huko Burbank. Ndege ya mwisho kwenye ukungu ni ya kuigiza, imetengenezwa ndogo, na mafundi walioizunguka walichaguliwa wafupi ili ionekane kubwa.

“Piga tena, Sam.” Hakuna anayelisema hilo. Ilsa anaomba wimbo upigwe mara moja kwa ajili ya siku za zamani. Rick anataka apigiwe kama alivyopigiwa Ilsa. Aliyemwigiza Sam, mpiga piano wa mkahawa, ni Dooley Wilson, ambaye kwa kweli alikuwa mpiga ngoma. Sauti ni yake, piano ilipigwa na mwingine.

“Rick angekuwa Ronald Reagan.” Hilo lilikuwa tangazo la studio la Januari 1942, la kutafutia waigizaji wake nafasi magazetini. Reagan aliingia jeshini Aprili, upigaji ukaanza 25 Mei.

“Hawakujua Ilsa ataondoka na nani.” Muswada ulikuwa ukiandikwa huku kamera zinazunguka, kweli. Lakini katika tamthilia ambayo filamu ilitokana nayo mwanamke anaondoka na Laszlo, na kanuni za maadili za Hollywood za wakati ule zisingeruhusu mke amwache mume kwa ajili ya mpenzi. Walichobishania ni namna ya kumfikisha kwenye ndege.

“Wazungu kukimbilia Afrika ni uongo wa sinema.” Hili linaniumiza zaidi likisemwa na mtu wa Arusha. Ni katika mwaka huo huo wa 1942 ambapo wakimbizi wa Kipolandi walianza kupokelewa Tengeru, na makaburi yao yapo pale hadi leo.

La mwisho ni zile barua za kusafiria ambazo kila mtu mkahawani anazitaka, zisizoweza kufutwa wala kuhojiwa. Hizo ndizo za kubuni. Mkimbizi wa kweli alihitaji viza ya kutokea, viza ya kupitia na viza ya kuingia, kila moja kwa ofisi yake, na moja ikiisha muda kabla hajaipata nyingine, alianza foleni upya. Ndiyo maana watu kama Lebeau na Dalio walipanda meli na viza za Chile bila kuzichunguza sana.